Waliobaki Muziki Ulipozimwa

Mwanza,
Jumapili, 11 Februari 2024

Kwa dada yangu Mwaija,

Asalaam aleikum, na shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba sikio limepata nafuu kwa yale matone uliyoandikiwa. Wasalimie wajukuu, hasa yule mdogo ambaye nasikia ameota meno na sasa anauma kila anayembeba. Migomba mvua imeifanyaje? Huku imenyesha ya kutosha, na maji yanashuka kwenye mawe mpaka mlangoni kwa Mama Kashindye, jirani yangu, ambaye kila asubuhi anayatukana kana kwamba yatamsikia. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala kidogo, nasali.

Ningeweza kukupigia simu, lakini mara ya mwisho ulimpa jirani yako simu anisikilizie, na haya ninayotaka kukueleza si ya jirani. Ndiyo maana nimeandika, na binti wa Mama Kashindye anayesoma huko Bukoba atapanda nayo basi kesho pale Buzuruga. Nakuomba uisome peke yako, ukiwa umekaa.

Eda yangu inaisha Jumatano. Alhamisi asubuhi Inspekta Nestory, yule askari mpelelezi, atakuja kuchukua maelezo yangu. Alikuja mara moja tu baada ya mazishi. Alikaa barazani na kofia magotini, akaniuliza kupitia pazia nilimwona nani siku aliyouawa Yunus. Nikamjibu kwamba akili yangu bado haijatulia, nitasema nikitoka eda. Hakunisukuma. Alisema mama yake naye ni mjane, angesubiri. Dada, niliowaona walikuwa watatu, na mmoja wao nilimjua. Kabla sijamtaja kwa Inspekta nataka wewe uwe umesikia kutoka kwangu, na nitafika huko, ila nivumilie nianze mwanzo. Nikianza na mwisho mkono hautaandika.

Kukaa ndani muda wote huu kumenipa nafasi ya kupima maneno yetu. Unakumbuka diwani wetu wa zamani alipofariki, uchaguzi mdogo ulipotangazwa, na Luhende yule mnunuzi wa mabondo, vile vibofu vya samaki vinavyouzwa ng'ambo, akachukua fomu. Katika nyumba hii kila mtu alimtabiria jambo. Wewe ulikuwepo Idd, alipokuja kutusalimia akamvua mwanao Muharami kofia na kumvisha yake. Ulisema huyu mtu atamfanya mwanangu awe mtu. Mimi nilimtabiria mema pia. Nilikuwa nimemwona bombani siku moja, bibi mmoja ameangusha ndoo yake, Luhende akaiokota, akaijaza tena na kuibeba mpaka kwenye ngazi za mawe, suruali yake ya hudhurungi ikalowa mpaka magotini. Nikamwambia Yunus kwamba mtu anayejaza ndoo ya bibi kizee hawezi kudhuru watu. Yunus akacheka, akasema mke wangu, hata mwizi wa ng'ombe huwanywesha maji.

Mzee Shantilal, yule wa duka la vifaa vya umeme aliyemuuzia shemeji yako spika zake za kwanza, yeye alisema Luhende atashinda. Alitueleza kwa ile sauti yake ya puani kwamba amewaona wagombea tangu kaptula yake ya shule. Huyu, akasema, nimemwona msibani, anakula wali amesimama, sahani mkono mmoja, mkono mwingine unasalimia, macho yanatembea. Huyo hali chakula, fundi, huyo anakula watu. Atashinda. Yunus akamtania kwamba mzee, wewe hata kura yako utaipiga kwa bei ya jumla. Wakacheka mpaka Shantilal akakohoa.

Yunus peke yake ndiye aliyesema Luhende atashindwa, na hakusema kwa chuki. Ilikuwa ni kazi yake. Wewe ulimjua kama fundi wa muziki wa harusi na mikutano, lakini hili sidhani kama aliwahi kukueleza. Alikuwa anasema watu hawaji mkutanoni kwa ajili ya mgombea, wanakuja kwa ajili ya muziki. Kwa hiyo mgombea akipanda jukwaani, yeye alizima muziki wote, hata ule mdogo wa chini ambao mafundi wengine huuacha. Kisha aliwatazama waliosimama pembeni. Wa mbele hawakumhusu, kwa sababu wa mbele wamepangwa. Alimtazama mama mwenye beseni la dagaa kichwani, kijana aliyeegemea baiskeli, mzee aliyepita akielekea msikitini. Hao wakibaki, mgombea ameshinda. Wakiondoka, ameshindwa, hata kama wa mbele wanagaragara. Tangu tuoane hakuwahi kukosea. Alinieleza mimi tu, tukila, na kwa mgombea hakufungua mdomo, awe wa upande wowote. Kwake ilikuwa amana. Mtu wa pili aliyemwambia ni Muharami, maana alikuwa akimfundisha kazi na alitaka siku moja amwachie vyombo.

Wakati huo Muharami alikuwa ameshaanza kutuponyoka. Luhende alimchukua kwenye kundi lake la ulinzi, wakampa fulana nyeusi na kitambaa cha kufunga shingoni, na kirungu. Alipokuja kula alikaa akitazama mlango. Nilimwambia mwanangu, kirungu hicho kiache nje na viatu, akanijibu kwa upole, sawa mama mdogo, akakiacha. Ndivyo alivyokuwa na mimi mpaka mwisho, mpole.

Kampeni ilivyoendelea, dada, watu tunaosalimiana kila siku walianza kupigana kama mbwa. Kule Kiseke walimtoa dereva wa mgombea mwingine ndani ya gari wakamchapa kwa mikanda ya injini mpaka shati likaingia kwenye nyama; muuguzi alilitoa kwa koleo, uzi mmoja mmoja. Na wa upande wa pili wakarudisha. Walimkamata kijana wa Luhende akibandika picha, wakaweka mkono wake juu ya jiwe na kuuponda kwa jiwe lingine, ule aliokuwa ameshikia gundi. Mama mmoja muuza nyanya alivaa kanga ya rangi isiyotakiwa, wakachoma kibanda chake. Aliingia kuokoa beseni lake akatoka nywele zinawaka. Mama Kashindye ndiye aliyemmwagia maji, na jioni alikuja kwangu akiwa ananuka moshi, akakaa kimya, mtu ambaye hajawahi kukaa kimya.

Siku ile Muharami alirudi na damu kwenye viatu. Yunus akamuuliza ni ya nani. Akasema wao ndio walioanza, baba mdogo. Yunus akamwambia sikuuliza nani kaanza, nimeuliza damu ya nani. Muharami akaenda kulala.

Nilimsihi Yunus aache kazi za mikutano mpaka uchaguzi upite. Alikataa. Alikuwa amewaahidi wagombea wote wawili, leo kwa huyu na kesho kwa yule, na kwa utaratibu wake fundi akishaahidi hafungi mlango katikati, kwa sababu spika hazina chama. Alikuwa anaamini kila mtu anaelewa hivyo, kwa kuwa mafundi wa mji huu wamefanya hivyo siku zote. Hakuona kwamba vijana wale waliotazama spika zilezile zikipelekwa upande wa pili, waliona msaliti.

Mkutano wa kufunga wa Luhende ulikuwa kwenye uwanja wa chini, pale mawe yanapoishia karibu na maji. Mchana nilimpelekea Yunus ugali na sato, kwa sababu hakuwa anaacha vyombo vyake hata kwenda kula. Nilimkuta amekaa nyuma ya jukwaa kwenye kiti chake cha kukunja, mashine ya muziki mbele yake juu ya meza, amevaa ile kofia yake ya kufumwa uliyomletea. Alinawa, akala nusu, akaniambia nusu nyingine iliyobaki nisiiondoe. Nikakaa kwenye boksi la spika kumsubiri.

Luhende alipopanda jukwaani, Yunus akazima muziki. Nikamwona anawatazama wa pembeni, nami nikatazama. Mama mmoja aliinua beseni lake akaondoka. Vijana wa bodaboda wakawasha pikipiki. Kisha wakaanza kuondoka wengi, wakipanda ule mteremko bila kelele, na mahali walipokuwa wamesimama pakabaki vumbi. Luhende aliongea kwa nguvu zaidi na wao wakaondoka haraka zaidi. Akashuka jukwaani kabla ya kumaliza, akimwachia maiki mtu mwingine, akasimama karibu na ngazi, hatua chache kutoka nilipokaa. Uso wake ulikuwa unatoka jasho. Kijana mmoja wa ulinzi, kitambaa kimemfunika mpaka machoni, akamsogelea na kumwambia kwamba fundi ana kawaida ya kuzima muziki makusudi ili ahesabu watu wanaomkimbia mgombea. Luhende akamtazama Yunus. Hakupaza sauti. Alisema, nami nilisikia kila neno: Na ninyi mmesimama mnamwangalia tu?

Walikuja watatu. Yunus alidhani wamefuata mashine. Akainama juu yake akaikumbatia kwa mikono yote miwili, akawaambia vijana wangu, nambieni mnachotaka, hii msiivunje. Wa kwanza alimpiga kwa kirungu mgongoni. Hakuiachia. Wa pili alimpiga mateke ya mbavu, na nilisikia zinavunjika, dada, ni sauti kama ya kuni kavu. Nilimrukia yule nikamng'ata bega, akanitupa kwenye nyaya. Wa tatu, yule mwenye kitambaa machoni, alichomoa stendi ya maiki, ile yenye kitako kizito cha chuma cha duara, akaigeuza kitako juu, akampiga nayo kichwani. Akampiga tena. Kofia ikaingia ndani. Yunus akateleza kutoka kwenye mashine taratibu, kama mtu anayeshuka kitandani, na damu ikajaa kwenye vile vitufe anavyovifuta kila Ijumaa kwa kitambaa chenye spiriti.

Baada ya hapo kila mtu alipigana. Mawe yalikuwa yanashuka kutoka juu, na vijana walimwaga petroli ya jenereta kwenye spika wakaziwasha. Mtoto mmoja alikanyagwa mguu ukageukia nyuma. Mimi na Mama Kashindye, aliyekuwa amekuja mkutanoni, tulimburuta Yunus kwenye kanga mbili mpaka barabarani, tukapata bajaji. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu, nikabana jeraha kwa kiganja, na damu ikawa inapita katikati ya vidole. Alifumbua jicho moja. Aliniuliza, walibaki wangapi? Nikamwambia wameondoka wote. Akasema, basi hashindi. Hakusema neno lingine. Tulipofika hospitali walimfunika palepale kwenye kiti cha bajaji.

Na Luhende alishinda. Alishinda kwa kura nyingi kuliko diwani yeyote kabla yake. Kwa hiyo mume wangu amekufa na utabiri wa makosa mdomoni, na mwanzoni hilo liliniuma kama jeraha la pili. Nimelifikiria sana humu ndani. Nadhani hakukosea kuwasoma watu, alichokosea ni kudhani wanaondoka kwa kumkataa mtu. Waliondoka kwa sababu walikuwa wanamwogopa. Siku ya kura, woga uleule uliowatoa uwanjani ukawapanga foleni asubuhi mapema. Mzee Shantilal alikuja kutoa pole, akakaa barazani akalia kama mtoto. Alisema utabiri wake umekuwa kweli na anatamani angekuwa mpumbavu. Nikamwambia mzee, kunywa chai.

Mama Kashindye aliapa kwamba Luhende hatathubutu kuja kwangu. Alikuja. Alileta magunia mawili ya mchele, akakaa barazani, nami nilikuwa ndani nyuma ya pazia. Nilijiandaa kusikia akiniomba ninyamaze, au akinitisha, kwa sababu ndivyo kila mtu alivyotabiri, kwamba atawalinda vijana wake. Haikuwa hivyo. Alisema kwa sauti ya huruma: Mama, nimesikia kuna mtu ulimtambua. Mtaje. Usimwonee haya hata kama ni wa ndani, sheria ichukue mkondo wake. Kisha akaongeza kwamba siku ile kelele zilikuwa nyingi sana, hakuna aliyeweza kusikia nani kasema nini. Ndipo nikaelewa amekuja kununua kwangu jina moja, nimwachie la pili, lake mwenyewe. Nikamwambia mchele wake aupeleke kwa yule mama aliyeungua kichwa. Aliondoka na magunia yake.

Sasa nimefika, dada yangu. Shikilia kitu.

Yule wa tatu, mwenye stendi ya maiki, ni Muharami. Ndiye aliyemwambia Luhende siri ya baba yake mdogo, na ndiye aliyempiga. Sikumtambua kwa nguo. Baada ya pigo la pili kitambaa kilishuka, tukatazamana, na akaniambia, mama mdogo, toka hapa utaumia. Kwa sauti ileile anayoniombea chumvi. Siku ya mazishi alibeba jeneza, bega lake ndilo lilikuwa mbele kulia. Siku ya hitma wewe ulikaa ubavuni mwangu umenishika mkono, na yeye akatuletea chai kwenye sinia, akakwambia mama, weka sukari mwenyewe. Ulimwangalia ukaniambia angalau tuna mwanamume mmoja nyumbani. Sikuweza. Ningekuua palepale juu ya mkeka.

Wiki iliyopita alikuja. Yeye ni mwanangu, hakuhitaji pazia kati yetu, lakini hakulivuka. Alikaa upande wa pili na nikaona vidole vyake vya miguu tu. Aliniambia Luhende amemficha kisiwani, kwamba mheshimiwa atamlinda, ameahidi, na baada ya miezi michache atampa kazi. Nikamweleza Luhende alivyokaa mahali hapohapo alipokaa yeye akaniomba nimtaje. Kisha akaomba maji, nikampitishia kikombe chini ya pazia, akanywa, na nikasikia meno yake yakigonga kikombe. Aliniuliza kama baba mdogo alisema neno kabla hajafa. Nikamwambia alisema, lakini halikukuhusu wewe, hakujua ni wewe. Hapo alilia. Nikamwambia aende mwenyewe kwa Inspekta Nestory kabla ya Alhamisi, aseme mkono ulikuwa wake na sauti ilikuwa ya nani, kwa sababu wale wengine wawili hawatasema, na neno langu peke yangu juu ya diwani ni neno la mjane aliyechanganyikiwa. Aliinuka akaondoka. Hayuko kisiwani tena, nimeulizia. Nafikiri amekuja kwako.

Dada, Alhamisi nitataja majina mawili. Nitamtaja mtoto wako na nitamtaja Luhende, na maneno aliyoyasema nitayasema kama nilivyoyasikia. Siwezi kumtaja mmoja nikamwacha mwingine. Nikimtaja Muharami peke yake nitakuwa nimemuuza kama Luhende alivyotaka, na nikinyamaza nitakuwa nimemwacha Yunus kwenye ile bajaji. Sijui mahakama itafanya nini wala wewe utanifanya nini. Nimeacha kutabiri.

Kama yuko kwako, usimfiche na usimfukuze. Mpe chakula, kisha panda naye basi mje. Ukimshika mkono wewe mwenyewe mpaka pale kituo cha polisi, atakuwa amekwenda kama mtu aliyekwenda kusema, si kama mtu aliyekamatwa. Nami nitakuwa barazani nawasubiri, nje ya pazia. Nikikosa kukuona nitajua umeshindwa kunitazama, na sitakulaumu. Na mimi nilishindwa kukutazama juu ya lile sinia.

Wasalimie shemeji na majirani wote wa hapo. Mama Kashindye anakusalimu, anasema chai yako ya tangawizi hajaisahau.

Ukiomba dua baada ya alfajiri, mtaje Yunus kwa jina lake. Na mimi, hata ukiwa na hasira, unikumbuke.

Mdogo wako,
Najat